Nundu Kwenye Ratiba

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa wakifunga tai na kuandikiana barua, Simba alitangaza mkutano. Si mkutano wa kijiji, la! Mkutano wa kimataifa, wa wataalamu wa misuli kutoka kila pembe ya dunia. Barua zikaenda mpaka ng'ambo, zikisema: "Njooni tuchunguze msuli. Malazi bure. Chakula kipo."

Chakula kipo! Likumbukeni neno hilo. Na wewe unayechezea kandambili, acha, usikilize.

Kazi ya kupokea wageni alipewa Bi Pimbi. Pimbi mnamjua? Mdogo kama sungura, hana mkia wala pembe, anaishi kwa akili yake. Kusoma alijifundisha mwenyewe, kwa kuokota magazeti yaliyofungiwa vitumbua. Mwandiko wake ulinyooka, na maneno yake yalinyooka kuliko mwandiko. Na kwao akina Pimbi, ukimwambia mtu "karibu" kwa mdomo wako, uhai wake uko shingoni mwako mpaka umtoe salama langoni. Hakuna mjadala.

Asubuhi ya mkutano Simba alimwita. Alikuwa amefunga tai nyekundu na kuchana manyoya ya shingo.

"Pimbi, ratiba tayari?"

"Tayari, Mheshimiwa, kama ulivyonitajia. Kikao cha kwanza, mkia wa Kangaruu. Cha pili, paja la Mbuni. Cha tatu, nundu ya Ngamia."

"Safi sana!" Simba akameza mate, gluu! "Sasa sikia. Kila mgeni atalala kwenye meza ile ya kupimia. Mfunge mikanda, asitikisike akaharibu vipimo. Kiungo chake kipitishe chini ya pazia. Kisha gonga upatu mara tatu, mtaalamu wangu wa ndani aanze utafiti."

"Mtaalamu gani, Mheshimiwa?"

"Fisi."

Fisi na utafiti wapi na wapi? Pimbi alijiuliza hivyo. Huenda naye amejisomea, alifikiri.

Wageni wakaingia. Mbuni alikuja mbio, pu-pu-pu-pu! Kangaruu akaruka ua badala ya kupita mlangoni, tip! Ngamia alifika wa mwisho, miwani puani, vitabu mgongoni.

"Karibuni! Karibuni sana!" Pimbi aliwapokea mizigo. "Poleni na safari."

"Tumeshapoa, Bi Pimbi."

Akawapa maji ya kunawa, akawapa viti, akamgawia kila mmoja ratiba. Nyuma yao Simba akalifunga lango kwa komeo. Kwa usalama, alisema.

Ngamia aliisoma ratiba mara moja. Akaisoma mara ya pili. Akavua miwani.

"Bi Pimbi, hebu njoo. Nani ameandika hii?"

"Mimi, Profesa."

"Mwandiko mzuri, lakini umechemsha, dada yangu. Huu si mkutano wa misuli?"

"Ndiyo."

"Nundu si msuli! Nundu ni mafuta matupu! Miaka thelathini nafundisha jambo hili moja, nafika hapa nakuta nundu imepangiwa kikao!"

Mbuni akacheka mpaka shingo ikajikunja. Pimbi masikio yakamwaka moto. Kuambiwa amekosea mbele za watu? Yeye?

"Namuuliza mtaalamu wa ndani sasa hivi!" akasema, akalifunua pazia, swaa!

Kule ndani alimkuta Fisi amejifunga aproni, ananoa kisu kwenye jiwe. Kwecha! Kwecha! Kando yake sufuria tatu zimepangwa, kubwa, na vitunguu, na ndimu, na chumvi kwenye bakuli.

"We Fisi! Nundu ni mafuta, siyo msuli. Imeingiaje kwenye ratiba?"

"Hihihi! Sasa dada, mikia na mapaja nitayakaangia nini? Maji?"

"Kukaangia?"

"Eh! Paja la Mbuni kavu kama kuni, bila mafuta halilainiki. Kwani hiyo menyu umeiandika bila kuisoma?"

Pimbi akaitazama karatasi mkononi mwake. Mkia. Paja. Nundu. Mwandiko wake mwenyewe, umenyooka, kila herufi mahali pake.

Lo! Lo! Lo!

Akashika ukuta. Msuli ni nini basi, kama si nyama? Na amewaambia karibuni sana! Kwa mdomo wake! Ule upatu angeugonga kwa mkono wake huu huu, mara tatu, kisha angesimama pale ameridhika na kazi!

"Vipi dada, mbona umekuwa kama jivu?" Fisi alimwuliza.

Ndipo hasira ikaja.

"Si kitu," Pimbi akasema. "Endelea kunoa. Noa vizuri."

Aliporudi ukumbini, Simba alikuwa ameshaanza. "Wataalamu, karibuni mjisikie nyumbani! Daktari Kangaruu, panda mezani."

Kangaruu akasimama, anajikung'uta mkia.

"Ngojeni!" Pimbi alipaza sauti. "Wageni wetu, nauliza. Mkipewa maji ugenini, nani huonja kwanza?"

"Mwenyeji," akasema Ngamia, "mgeni ajue hayana sumu."

"Na chakula?"

"Mwenyeji!"

"Na meza je?"

"Mwenyeji kwanza! Mwenyeji kwanza!" Mbuni akapiga mabawa, pa-pa-pa!

Simba akamwinamia Pimbi. "Hayo hatukukubaliana," alimnong'oneza kwa meno.

"Mheshimiwa, wageni wakiona mwenyeji anaiogopa meza, hakuna atakayeipanda."

Na hapo, watoto, hakusema uongo hata nusu neno.

"Tena huko kwetu," Kangaruu akadakia, "tunaambiwa Simba ndiye mwenye misuli kushinda wote. Au ni maneno ya mabarabarani?"

"Mabarabarani?" Simba akavimba. "Nani? Mimi?" Akaruka mezani, bwaga! Akajinyoosha. Pimbi akafunga mikanda.

"Kaza! Hii naikata kwa pumzi tu!"

"Kama unavyosema, Mheshimiwa." Nyiii! Pimbi akakaza mpaka tundu la mwisho. Kisha akaupitisha mkia chini ya pazia, taratibu.

"Haya, nimeonja," Simba akasema, akiwakonyeza wageni. "Nifungue."

"Bado upatu, Mheshimiwa."

Jicho la Simba likatoka. Akavuta mkono, haukuja. Akavuta mguu, haukuja.

"Pimbi. Usikiguse hicho kitu."

"Kwani kina nini? Waambie wageni wangu, wasikie wote."

Simba akawatazama wageni. Akalitazama pazia.

Ngo!

"Pimbi, mwanangu..."

Ngo!

"Nitakupa nusu ya nundu!"

"Nusu ya nini?" Ngamia akashtuka.

NGO!

Chwaa!

Alivyounguruma Simba, vumbi lilidondoka darini. Na nyuma ya pazia sauti ikanung'unika: "Aa! Huyu Kangaruu amekonda kwa safari au nini? Mkia mfupa mtupu!"

"NI MIMI, MPUMBAVU WEE! Mimi si wa kuliwa! Wa kuliwa ni WAO!"

Wageni wakageukiana. Hata nzi walitua.

"Wa ku... wa kufanywa nini?" Ngamia akauliza. Miwani ilimdondoka, akaikanyaga mwenyewe.

Pimbi akalivuta pazia lote. Sufuria hizo, kisu hicho, na Fisi na aproni yake, mdomo wazi, anaangalia ni nani aliyemkata. "Mamaa!" akalia, akatokea dirishani na aproni shingoni.

Sasa ikawa kukurukakara! Mbuni analia, Kangaruu anaruka juu ya viti, Ngamia amesimama tu. Pimbi alikuwa wa kwanza langoni, lakini hakutoka. Alivuta komeo, akasimama kando. Akapita Mbuni. Akapita Kangaruu. Akamrudia Ngamia, akamsukuma kwa kichwa mpaka nje. Ndipo naye akatoka, jasho linamchuruzika.

"Nilisema tangu mwanzo," Ngamia akamwambia njiani, akihema, "nundu si msuli."

"Ulisema, Profesa. Na mimi nimekosea. Ahsante."

Simba ile mikanda aliikata jioni, baada ya kuhangaika mchana kutwa. Kovu lake amelifunika kwa shungi la nywele, liko ncha ya mkia mpaka leo. Na Pimbi alihamia kwenye nyufa za majabali, mahali ambapo mkono wa Simba hauingii.

Hapo ndipo ninapoikunja hadithi yangu, na funzo lake ni hili: mwenyeji akikuita kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe anaogopa kulionja, beba mzigo wako uondoke.