Zimwi Aliyeishiwa Miji

Mko macho? Basi sogeeni, mvua isije ikanishinda sauti.

Mwanakheri alifungiwa ndani pamoja na wadogo zake wawili. Mvua ilikuwa imemkwamisha mama yao ng'ambo ya mto. Wadogo walilia, walilia, walilia, mpaka Zimwi akawasikia, akaja mlangoni.

"Fungueni niwale!"

Mwanakheri alijua hakuna anayesikia neno hili akanyamaza:

"Kitendawili!"

"Tega!" Zimwi akajibu, maana hata zimwi ana adabu yake.

"Hupiga ngoma paani, mikono hana."

Zimwi akawaza, maji yakimchuruzika puani. Akashindwa.

"Nipe mji!"

Akatoa mji alikokuwa akila mbuzi.

"Ni mvua!" Wadogo wakacheka.

Akategewa cha pili, akashindwa, akatoa mji alikokuwa akila ng'ombe. Akategewa cha tatu, akashindwa. Akabaki na pango lake tu, nalo akalitoa.

Mnajua desturi: ukipewa mji, husimulia ulivyokwenda huko. Mwanakheri akafumba macho.

"Nilikwenda pangoni kwa Zimwi. Nikakuta chungu kimoja, mkeka mmoja, na hakuna wa kumtegea kitendawili."

Zimwi akaangua kilio, njaa yote ikamtoka. "Ndivyo kulivyo," akasema.

Mama aliporudi alimkuta Zimwi ameketi upenuni, akikuna kichwa. Ndani, watoto walikuwa wakimrudishia miji yake mmoja mmoja, apate kushindwa tena.

Ngano imekwisha, mvua bado. Haya, kitendawili!