Fisi Aliyesema "Changu!"

Hapo zamani za kale, na wewe huko nyuma acha kumfinya mwenzako usikie, njaa iliingia nyumbani kwa Mama Panya. Kijoti, kitindamimba wake, alilia mpaka sauti ikamkauka. Basi Mama akawachukua wanawe, wakaenda mbali, kwenye ufukwe usiokanyagwa na yeyote, kuokota vinavyotupwa na bahari.

"Atakayekiona kitu kwanza aseme 'Changu!' Sitaki ugomvi," akawaambia.

Mara, puu! Wimbi likatupa nazi.

"Changu!" akapiga kelele Kijoti. Maskini, alifurahi hata akacheza palepale mchangani.

"CHANGU!" ikanguruma sauti nyuma yao. Lo! Fisi huyo.

"Shikamoo, Bwana Fisi," akasema Mama Panya. "Mtoto ndiye aliyeanza kuiona."

"Mimi nimesema kwa sauti kubwa zaidi. Atakayebisha namtafuna!"

"Lakini wewe nazi huli!"

"Kula sili. Lakini ni changu!" Akaikalia. Mnamwona mlafi huyo? Amekalia chakula cha mtoto, na yeye mwenyewe hakitaki!

"Mama, leo tutakula nini?" akauliza Kijoti.

Mama akamfuta machozi. Akawanong'oneza wanawe wakubwa, kisha akakikodolea macho kidimbwi cha maji kando ya mwamba, akaruka juu.

"Changu! Jamani, changu!"

Fisi akasimamisha masikio. "Changu? Yule samaki mtamu? Yuko wapi?"

Mama akaziba mdomo haraka. "Mimi? Sijasema samaki, Bwana Fisi."

"Ahaa! Unanificha!"

Mbio, chubwi! Fisi kidimbwini, anapapasa huku na huku, kaa wanambana pua. "Uwiii! Yuko wapi huyu changu?"

Huku nyuma, biringi, biringi! Panya wakaisukuma nazi mpaka ndani ya ufa wa mwamba, ambamo kichwa cha Fisi hakipiti.

Fisi akarudi, maji yanamchuruzika. "Mwongo wewe! Hamna changu hata mmoja!"

"Nilikwambia sijasema samaki," akajibu Mama Panya kutoka ndani. "Nilisema changu, yaani changu mimi. Tena kwa sauti kubwa!"

Kijoti hakusikia lolote. Alikuwa anatafuna nazi, kwachu, kwachu, mashavu yamemjaa.

Haya, nanyi ng'ang'anieni vya wenzenu msivyovihitaji, muone kama hamtarudi nyumbani mikono mitupu na pua imevimba.