Kanuni ya Mikeka ya Bi Raya

Bwana Faki, mwenye shamba, alimwambia Bi Raya, mjane aliyeishi humo, "Nataka mikeka wiki nzima. Jumamosi mmoja, Jumapili miwili, Jumatatu mitatu, iende hivyo hivyo. Ukikosekana hata mmoja, unahama."

Bi Raya alikuwa nayo ishirini tu.

"Tuandike kanuni, bwana. Idadi ya kila siku imo ndani ya jina lake."

"Kumbe umesoma!" Faki akacheka, akatia sahihi.

Jumatano alipokea mitano. Alhamisi akaletewa mitano tena.

"Wa sita uko wapi?"

"Alhamisi ni khamsa, bwana, na khamsa ni tano."

"Basi kesho nataka saba!"

"Kesho Ijumaa. Jina lake halina namba, lina sala. Nenda ukasali."