Tarumbeta Kubwa la Bwana Fisi

Mwaka huo jua liliwaka mpaka vyura wakahama. Kikabaki kisima kimoja tu chenye maji, nacho kilikuwa uani kwa Simba. Simba naye, kwa kupenda makuu, akatangaza: "Siku ya kumwoza binti yangu nataka beni ya matarumbeta initangulie njia nzima. Ikinipendeza, kisima ni cha wote. Isiponipendeza, nafunga mlango."

Ikabidi beni iundwe. Mafundi walikuwa wawili: Sungura, kiongozi, na Korongo, aliyepuliza tangu ujana wake. Waliobaki, Kobe, Kanga na Nguruwe, walikuwa watu wa jembe, hata kushika tarumbeta walifundishwa. Tembo akapewa ngoma.

Fisi alipita karibu, pua ikamsimamisha. Desturi ya beni ilikuwa mafundi kula kwanza, tena nyama, ndipo wanagenzi wagawane mchuzi.

"Mimi pia fundi," akasema. "Nimepuliza mjini miaka saba."

"Mji gani, kaka?" Kanga akauliza, maana habari za watu ndicho chakula chake.

"Mji mkubwa. Hata nikikutajia hutaujua."

Akajichagulia tarumbeta kubwa kuliko yote, akasimama ubavuni mwa Tembo ili ngoma imfiche. Kila siku ya mazoezi alivimbisha mashavu na kutoa macho kama anayesukuma gari bovu, pumzi hata moja haitoki. Kisha akawahi sinia. Mkewe akawaambia majirani kuwa mumewe ananenepeshwa na sanaa.

Jambo moja tu lilimshangaza. Kila wimbo ukiisha, wenzake waliinamisha matarumbeta na kuyakung'uta. Fisi akadhani ni adabu tu, kama kupiga goti, naye hakuwa na haja ya adabu. Sungura aliliona hilo, akaanza kumfundisha Kobe nyimbo za tarumbeta kubwa kichinichini.

Siku ya harusi ikafika. Zikapigwa nyimbo tatu, Simba akitembea kifua mbele. Langoni kwake akainua mkono.

"Lile kubwa sijalisikia. Lipigwe peke yake."

Fisi akajishika midomo. "Mzee, nyimbo tatu zimenichosha midomo."

"Kweli, Mzee," Sungura akadakia. "Kwa pumzi zote zile, tarumbeta limejaa mate. Bwana Fisi, likung'ute kwanza, upumzike."

Fisi akafurahi kupata nafasi ya kufikiri. Akaliinamisha, akalitikisa kwa madaha.

Halikutoka tone. Lilitoka vumbi, yakafuata majani makavu, kisha akatoka Mama Mjusi na watoto watatu.

"Jamani, mbona mnatutikisa?" akalalamika. "Mwezi mzima tumeishi humu, kimya, raha mustarehe. Leo kuna nini?"

"Kumbe kaka si mpulizaji," akasema Kanga. "Ni mwenye nyumba."

Harusi nzima ikacheka, isipokuwa Simba. Alikuwa ameshika mlango, anaufunga.

"Mzee, subira kidogo," akasema Sungura.

Ikahitajika subira kweli, maana aliyekuwa anakuja ni Kobe. Akalipokea tarumbeta, akavuta pumzi, akapuliza. Sauti ikatikisa sufuria za biriani, Simba akajikuta anacheza. Mlango ukaachwa wazi, wote wakanywa mpaka wakalowa vifua.

Fisi alikunywa wa mwisho, macho chini, Kanga akimhesabia mafunda kwa sauti. Ndiyo hivyo. Ukijiita fundi, ujue ipo siku utaambiwa upulize peke yako.