Nani Alimwonyesha Mzee Mwakifuna Mlima?

Kaeni vizuri, na anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana kisa hiki nakisema mara moja. Jibu lake sina. Na mwenye jibu lake tayari alinyamazie mpaka nimalize, kwa sababu nimeshaona watu wazima wakigombania ng'ombe wasiyemjua kabla hata sijafika katikati.

Walikuwepo watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Subilaga, binti mkubwa wa Mzee Mwakifuna, muuguzi aliyeishi Mwanza miaka ishirini. Kipaji chake kilikuwa kuuona usumbufu kabla haujafika. Safari yake ya siku moja ilikuwa na sindano, uzi, dawa ya tumbo, tochi na betri za akiba. Watu walimcheka kituoni, halafu njiani wakamwomba uzi.

Wa pili ni Gwakisa, mdogo wake, fundi wa pampu za maji. Kipaji chake kilikuwa maneno. Si maneno ya uongo, sijasema hivyo. Lakini Gwakisa aliweza kuingia ofisi iliyobandikwa mlangoni kwamba leo hatupokei watu, akatoka amekunywa chai na anayajua majina ya watoto wa mkuu wa ofisi.

Wa tatu ni Tusajigwe, mke wa Gwakisa, ndoa ya miezi mitano. Kipaji chake hakina jina zuri. Akisema jambo fulani atalifanya, analifanya, na halisemi mara mbili. Basi.

Sasa mzee mwenyewe. Mzee Mwakifuna alikuwa na miaka sabini na mitatu, na nyumba yake iko juu kule Busokelo, nyuma ya milima ile mirefu inayoshuka mpaka ndani ya Ziwa Nyasa. Maisha yake yote aliiona milima hiyo kwa upande wa nyuma. Alichunga huko, akakata kuni huko, na mkewe amezikwa huko. "Mlima huu naujua mgongo," alizoea kusema. "Uso wake sijauona hata siku moja." Uso huonekana kutoka majini, na mzee hakuwahi kupanda kitu chochote kinachoelea.

Ndipo Subilaga akapanga safari ya meli, siku nne, mpaka Mbamba Bay na kurudi. Wangekwenda wanne: mzee, yeye Subilaga, Gwakisa na Tusajigwe. Tusajigwe naye alikuwa hajawahi kupanda meli. Alishona gauni jipya la njano kwa ajili ya kusimama mbele kabisa na kupigwa upepo, na gauni hilo aliwaonyesha majirani wote mpaka wakalichoka. Siku ya kuagana, mbele ya ndugu na majirani, mzee alisimama akasema, "Nina mtamba wangu mwekundu. Atakayenionyesha uso wa mlima, mtamba ni wake." Watu wakapiga makofi. Neno likishapigiwa makofi pale kwao, halirudi.

Hapa lazima nisimame kidogo kwa ajili ya mgeni. Katika ukoo wa Mwakifuna, baba mkwe na mkamwana hawaonani. Hawasalimiani, hawali chumba kimoja, hawatajani majina. Si chuki, ni heshima, na nzito kuliko heshima nyingine zote. Nyumbani haina taabu. Migomba ni mingi na njia ni nyingi. Mkamwana akisikia kikohozi cha mzee anapinda kushoto, mzee akiona kanga inapita kati ya migomba anageuka kuangalia mbuzi. Wanaishi hivyo miaka na hakuna anayeumia.

Meli haina migomba.

Subilaga alichagua vyumba vya chini, katikati ya meli, kwa sababu hapo mawimbi hayatikisi sana. Alikumbuka limau, tangawizi, blanketi la mzee, na soksi za mzee. Alichosahau ni mkamwana. Miaka ishirini ya Mwanza ilimtoa akilini kabisa. Chumba cha mzee na chumba cha Gwakisa na mkewe vilitazamana mlango kwa mlango, katikati korido nyembamba ambayo watu wawili wakipishana mmoja hana budi kunyonya tumbo. Vyote viwili havikuwa na dirisha. Ngazi ya kupandia ilikuwa moja, na ukumbi wa chakula mmoja.

Meli iliondoka saa sita mchana. Haikupita nusu saa, milango ile miwili ikafunguliwa kwa wakati mmoja.

Tusajigwe alipiga yowe, akajitupa chini na kujifunika kanga kichwa kizima, gauni la njano likafagia korido. Mzee aligeukia ukutani, akabaki amegandamana nao kama tangazo. Abiria mmoja aliyetaka kupita aliuliza kama kuna moto. Mzee alirudi chumbani kinyumenyume, akafunga, na komeo likasikika.

"Baba, toka tu, ameshaingia ndani," Gwakisa alisema mlangoni.

"Nitajuaje kama hatoki tena?"

"Nitakuambia mimi."

"Na ukiwa umekwenda chooni? Sitoki. Bandari ya kwanza nashuka, narudi nyumbani kwa basi."

"Lakini mlima, Baba! Tunaupita kesho asubuhi tu. Tukirudi, tunapita pale kukiwa giza."

"Basi nitauona mwaka mwingine," mzee alisema. Mwaka mwingine, kwa mtu wa miaka sabini na mitatu. Gwakisa na dada yake, waliosimama pale koridoni, waliangaliana.

Sasa sikilizeni kila mmoja alifanya nini, na msinichanganyie.

Subilaga alifunguliwa mlango peke yake, akakuta baba yake ameanza kuumwa. Chumba kilichofungwa, ziwa linatikisa, na mzee ambaye tumbo lake lilizoea ardhi isiyosogea. Alitapika mpaka akabaki anashika godoro kwa mikono miwili. Kusimama hakuweza, achilia mbali kupanda ngazi. Subilaga alimlaza kwa kichwa upande ambao meli ilikuwa inaelekea, akamkatalia maji mengi, akampa tangawizi kijiko kimoja kimoja, kisha muhogo mkavu wa kuchoma aliokuwa ameufunga kwenye gazeti tangu nyumbani. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa tangu alasiri, hakuonja chakula, na kila mzee aliposema anakufa, yeye alimwambia, "Bado, Baba, nyanyua kichwa." Kulipokucha mzee alisimama kwa miguu yake akadai chai. Bila Subilaga, mlima ungepita mzee amelala na ndoo yake.

Gwakisa alipanda juu kuuliza habari za njia, na jibu alilolipata halikumfurahisha. Siku hizo meli ilipita mbali, katikati ya ziwa, na kutoka huko mlima huonekana bluu tu, kama moshi wa jirani. Hakuomba kitu. Alikaa na nahodha, wakazungumza mpunga wa Kyela, wakazungumza pampu, akamwonyesha kwa nini pampu ya maji ya jikoni kwenye meli inalia, akaitengeneza. Halafu akasimulia habari za mzee mmoja anayeujua mlima kwa mgongo tu. Nahodha ndiye aliyesema mwenyewe, "Pale chini ya mlima maji ni marefu mpaka kwenye mwamba wenyewe. Nitapita karibu, na mzee aje akae mbele, kwenye kiti changu." Bila Gwakisa, mzee angeona rangi ya bluu na kuambiwa ndiyo hiyo.

Tusajigwe alimwita wifi yake Subilaga asubuhi hiyo. Usiku meli ilikuwa imelala bandari ya kwanza, mzee hoi asiweze kushuka; sasa ilikuwa imeshang'oa nanga, na mzee, mzima wa afya, chai mkononi, alikuwa bado amejikomea na kukataa kutoka. Alishaapa kwamba hatakanyaga korido wala sitaha ambako mkamwana wake anaweza kutokea wakati wowote, na neno la mtoto yeyote halikumtosha.

"Wifi, nifungieni kwa nje," Tusajigwe alisema. "Ufunguo apewe baba, aushike yeye mwenyewe."

"Unaelewa ni saa nne nzima?"

"Naelewa."

"Na wewe je? Gauni lako? Nawe ndiyo mara yako ya kwanza."

Tusajigwe alirudi ndani. Niliwaambia, hasemi mara mbili. Alikaa kitandani, akaikunja mikono, na Gwakisa akafunga mlango juu ya mke wake kwa mkono wake mwenyewe, akapitisha ufunguo chini ya mlango wa baba yake.

Kisha mzee akauliza kutoka ndani, "Chumba chake kina dirisha?"

"Hakina, Baba," Subilaga alisema.

Komeo likafunguliwa. Mzee alitoka ameufumbata ufunguo, akapita mlango ule bila kuuangalia, akapanda ngazi. Bila Tusajigwe, kiti cha nahodha kingebaki kitupu.

Na mlima ulionekana. Nahodha alipita karibu mno hata abiria wakaacha kupiga kelele. Mlima ulitoka majini moja kwa moja, hauna pwani wala utangulizi, ukapanda mpaka ukaingia mawinguni. Maji yaliporomoka kutoka juu sehemu tatu. Chini kabisa, mahali ambapo hata mbuzi angefikiri mara mbili, palikuwa na nyumba, moshi wa jikoni, na watoto waliokuwa wanapunga nguo.

Mzee alikaa kwenye kiti cha nahodha muda wa saa nne. Mwisho alisema, "Kumbe huku nako wanaishi watu." Akafuta macho kwa mkono ule wenye ufunguo. Binti yake alikuwa upande mmoja na mwanawe upande wa pili, na wote wawili walikuwa na furaha. Sitaficha hilo, walifurahi kweli.

Ugomvi ulianza walipoteremka. Mzee aliingia chumbani kwake kwanza, akarudishia mlango akaacha upenyo, akautoa ufunguo kwa kidole. Subilaga akamfungulia wifi yake, naye mlango wake ukaachwa na upenyo vilevile. Ndugu wawili wakasimama katikati, kwenye korido.

"Neno langu lipo," mzee alisema kutoka kwake. "Mtamba ni wa nani?"

"Baba, jana ulikuwa unakufa," Subilaga alisema. "Nani aliyekunyanyua?"

"Kweli."

"Na nani aliyevipanga vyumba hivi, Dada Subi?" Gwakisa aliuliza. "Ugonjwa wenyewe ulitokana na kufungiwa. Mimi niliusogeza mlima mzima, watu wa meli yote ni mashahidi."

"Meli aliisogeza nahodha. Na wewe ulikuwa juu umekodoa macho, mkeo yuko chini kama mfungwa. Ulimkumbuka hata mara moja?"

Gwakisa akainamisha kichwa, lakini si kwa muda mrefu. "Kama ni hivyo, basi apewe yeye. Alitoa kilichokuwa chake."

"Aha! Apewe yeye, mtamba alale zizi la nani kama si lako? Nyumba moja isidai mara mbili."

Mzee alikohoa. Kwa desturi ya ukoo ule, anayetoa ng'ombe huishika kamba na kuiweka kwenye mkono wa anayepewa, ana kwa ana, na wote waliokuwepo pale walilijua hilo.

Ndipo sauti ya Tusajigwe ikatoka kwenye upenyo wake. Hakusema na mzee, hilo haliwezekani. Alisema na Subilaga.

"Wifi, habari za mtamba mimi sizijui. Niambieni tu, huo mlima ukoje?"

Gwakisa, mwenye maneno yote yale, aliangalia sakafu.

"Gwakisa," mzee alisema, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko korido ilivyohitaji, "wewe mlima uliuona, lakini hukuutazama vizuri. Simama hapo nikueleze."

Akaeleza. Alianza majini akapanda pole pole, jiwe kwa jiwe, poromoko la kwanza, la pili, la tatu, na rangi ya moshi wa kila nyumba. Alieleza kama mtu anayesema na kiziwi, na Gwakisa alisimama pale akiitikia, "Ndiyo, Baba. Naam, Baba." Upenyo wa mlango wa pili ulikuwa bado wazi. Alipofika kwa watoto waliokuwa wanapunga nguo, mzee alisita, akasema, "Mmoja alipunga kitambaa cha njano."

Haya, mimi nimemaliza. Mtamba yuko zizini Busokelo, hana habari. Ukisema ni wa Subilaga, unieleze kuhusu milango inayotazamana. Ukisema ni wa Gwakisa, unieleze alivyougeuza ule ufunguo kisha akapanda ngazi. Ukisema ni wa Tusajigwe, ambaye mlima ameusikia tu na hakudai kitu, unieleze mzee atamkabidhi kamba vipi, macho yakiwa wapi, na kama baada ya siku hiyo heshima yao itakuwa imekwisha au ndiyo itakuwa imeanza.

Je, wewe ungempa nani?