Ngwali na Mafenesi Yasiyoruhusiwa Kuoza

Hapo zamani, katika mji ambao leo umemezwa na magugu, palikuwa na Sultani mmoja mnene aliyekanyaga pera bovu mbele ya wageni, akaenda chali, kilemba kule, heshima kule. Mwenye akili angetazama anapokanyaga. Yeye akapiga mbiu: kila mwenye mti ayamalize matunda yake. Asiyauze, kwani soko ni la matunda ya Sultani peke yake, wala asiyatupe. Na yeyote ambaye siku ya saba tunda litakutwa limeoza kwake, miti yake yote ikatwe.

Basi alikuwako fukara aitwaye Ngwali, ambaye mali yake yote ilikuwa mfenesi mmoja, na huo ndio uliomlisha tangu afiwe na mkewe. Mwaka huo mti ukazaa kwa fujo. Ngwali akala fenesi asubuhi, akala mchana, akala jioni, ikawa siku ya pili hata paka wake amehama nyumba. Na mafenesi bado yanawiva. Akaukumbatia mti wake, akalia.

Alipokwisha kulia akaazima kombe kwa jirani, akalijaza fenesi, akalifunika kawa, akampelekea mama yake Sultani. Bibi yule alishika mila kuliko mwanawe, na mila ya mji ilikuwa chombo cha zawadi hakirudi kitupu. Akalirudisha limejaa pilau. Jirani walipoonja pilau lile, wakamwazima Ngwali makombe kumi, na keshoye thelathini. Ikawa fenesi laingia jumbani, pilau latoka, na mtaa mzima ukanawiri mashavu.

Siku ya sita Sultani akaandaliwa muhogo mkavu. Kuuliza, akaambiwa mchele umekwenda kwa Ngwali. Akaagiza aletwe.

"Ewe Ngwali, wataka kunifilisi?"

"Hasha, Maulana. Ulikataza kuuza na kutupa. Zawadi hukuitaja."

Sultani akamgeukia mama yake. "Mama, mrudishie vyombo vitupu."

"Nikuzae mimi, kisha unitie aibu uzeeni?" akasema bibi. "Kula muhogo wako, mwanangu."

Sultani akameza muhogo na hasira pamoja. "Vema, Ngwali. Kesho ni siku ya saba. Askari wakikuta kwako hata ganda limeoza, mti wako chini."

Keshoye askari wakapekua hadi uvunguni, wasipate kitu. Mara Ngwali akaingia barazani na shoka begani.

"Shoka la nini?" akauliza Sultani.

"La amri yako, Maulana. Kwangu hakuna kilichooza. Lakini yale mafenesi niliyoleta humu hayakuliwa yakaisha, na harufu yake nimeipokea tangu langoni. Tuanze kukata mti upi?"

Baraza zima likaziba pua na kutazama chini. Mama yake Sultani akacheka hata akashika ukuta. Sultani akachungulia bustani yake, akavuta pumzi, akajuta kuivuta, na mwishowe kicheko kikamshinda naye.

"Weka shoka chini, ewe mwana wa balaa. Amri nimeifuta. Kila mtu na auze tunda lake."

"Mimi sina la kuuza, Maulana. Yote unayo wewe."

Basi bibi akamjazia kombe la mwisho, na Ngwali akaenda akala pilau lake ameegemea mfenesi wake, wala siku hiyo fenesi hakuligusa.