Sampuli ya Kalenda ya Alhaji

Alhaji Kitwana, tajiri wa mabasi, hakupenda kutia saini sampuli. Mwaka uliopita aliipitisha kwa mdomo tu, kisha akazikataa kalenda zote kwa sababu ya rangi, na Bi Riziki, mwenye kiwanda cha uchapaji, akazichapa upya kwa hasara yake. Safari hii Bi Riziki alimwekea sampuli mezani, na kalamu kando.

"Kalamu ya nini, binti? Neno langu halitoshi?"

"Linatosha, Alhaji. Wewe tazama tu."

Alhaji akatazama, akanuna. "Hapa mmeandika Kitwana tu. Hija yangu mmeipeleka wapi?"

"Astaghfirullah. Tuandikie mwenyewe, fundi asikosee tena."

Akaandika "Alhaji" kwa herufi kubwa.

"Na kijani hiki?" Bi Riziki akauliza. "Fundi huyu akianza kurekebisha, hujui ataishia wapi."

"Asikiguse." Akaandika kwamba rangi zote ni sawa.

"Atajuaje kuwa ni amri yako?"

Alhaji akatia saini ndefu yenye mikia, akaondoka ameridhika.

Fundi Mbwana akaja ameinamisha kichwa. "Nisamehe, Bi Riziki. Sikumbuki kuliacha lile neno."

"Hukuliacha. Nililifuta mimi asubuhi. Washa mashine."